Mfumo Umebadilika, Kazi ni Ile Ile: Funzo Kutoka Mpaka wa Busia na Malaba

Katika vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia na Malaba, afisa wa Kenya na afisa wa Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Lori linalotoka Kenya huvuka moja kwa moja na kushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda. Lile linalotoka Uganda hushughulikiwa upande wa Kenya. Utaratibu huu umepunguza kusimama mara mbili. Hata hivyo, tarakilishi zilizo mbele ya maafisa hao si za mfumo mmoja. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) hutumia mfumo unaoitwa iCMS, na Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) hutumia ASYCUDA World. Mzigo ni ule ule, lakini skrini ni mbili tofauti.

Kwa sababu hiyo, mpaka huu ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo ambalo sasa linamgusa kila mkazi wa kaunti, yaani kuacha mfumo wa kompyuta uliozoeleka kwa miaka mingi na kuhamia mwingine. Si mawakala wa forodha pekee wanaokabiliwa na jambo hili. Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, na wananchi wakatakiwa kujisajili upya. Huduma nyingi za serikali zimehamishiwa eCitizen. Wenye saiba nao wanalazimika kuamua la kufanya na mashine zao za zamani. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini kuhama huwa kugumu, ni nini hasa hubadilika, na hatua zinazomsaidia mtu asipoteze kazi, pesa wala kumbukumbu zake.

HISTORIA FUPI YA MIFUMO YA FORODHA

Kabla ya mwaka 2005, forodha ya Kenya ilitumia mfumo ulioitwa BOFFIN. Sehemu kubwa ya kazi bado ilikuwa ya karatasi, na wakala alibeba faili kutoka dirisha moja hadi jingine akitafuta sahihi na mihuri. Julai 2005, KRA ilianzisha mfumo wa Simba, ambao uliundwa kutokana na mfumo wa forodha wa Senegal unaoitwa GAINDE. Kwa Kiwolofu, lugha kuu ya Senegal, neno hilo lina maana ya simba. Kuanzia hapo wakala aliweza kuandaa entri akiwa ofisini mwake na kuituma kwa njia ya kompyuta.

Uganda ilishika njia nyingine. Ilichukua ASYCUDA, programu iliyobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia biashara na maendeleo, UNCTAD, na ambayo hutumiwa na nchi nyingi duniani. Mwaka 2012 Uganda ilianza kuhama kutoka toleo la zamani hadi ASYCUDA World.

Tofauti hiyo ilikuwa na gharama. Taarifa za lori zilizokuwa zimeandikwa katika Simba hazikuweza kusomwa moja kwa moja na ASYCUDA. Ili kupunguza kazi ya kuandika habari zile zile mara mbili, ilibuniwa programu ya RADDEx ambayo ilisafirisha taarifa za forodha kutoka mamlaka moja hadi nyingine. Baadaye, mwaka 2014, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Katika utaratibu huo, mzigo unaokwenda Uganda hutathminiwa na kulipiwa kodi ya Uganda kabla haujaondoka Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Mfumo wa Simba, baada ya kuhudumu kwa zaidi ya miaka kumi, nao ukapisha iCMS.

Wakala aliyeanza kazi Malaba akiwa kijana kabla ya 2005, na bado yumo kazini, amelazimika kujifunza upya angalau mara tatu: kutoka karatasi na BOFFIN hadi Simba, kutoka utaratibu wa zamani wa mpakani hadi Himaya Moja ya Forodha, na kutoka Simba hadi iCMS.

KWA NINI MZOEFU HUTESEKA KULIKO MGENI

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtu anayefanya jambo moja kila siku kwa miaka mingi hufika mahali ambapo hafikirii tena hatua zake. Vidole vinajua kitufe kilipo. Jambo hili ni faida kubwa, kwa sababu humwachia nafasi akilini ya kufikiria mambo mengine, kama vile thamani ya mzigo au nyaraka ambazo hazijafika.

Mfumo unapobadilishwa, faida hiyo hugeuka kuwa mzigo. Mgeni husoma skrini kwa sababu hajui kitu. Mzoefu haisomi, huikumbuka. Anabofya mahali ambapo kitufe cha kuhifadhi kilikuwa zamani, na sasa hapo pana kitufe cha kutuma. Anaruka sehemu ambayo zamani haikuwa na umuhimu, na sasa bila hiyo entri haiendi. Ndiyo maana katika wiki za mwanzo mfanyakazi hodari anaweza kuonekana mzito kuliko kijana aliyeajiriwa juzi. Hilo halimaanishi kwamba amezeeka au hana akili. Ana kazi mbili, kujifunza jambo jipya na kuzuia la zamani, ilhali mgeni ana moja tu.

Madereva wa malori wanaopita Malaba kwenda Kigali wanalijua jambo hili vizuri. Kenya na Uganda magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Wakivuka na kuingia Rwanda, hupita upande wa kulia. Dereva hasahau kuendesha gari kwa kuvuka mpaka. Breki ni zile zile, gia ni zile zile, na sheria ya kutolipita gari kwenye kona haibadiliki. Linalobadilika ni upande. Hatari yenyewe mara nyingi haiko katika dakika za kwanza, wakati dereva yuko macho. Iko baadaye, akiwa amechoka au akitoka kituo cha mafuta usiku, pale mwili unapojirudia kwa mazoea. Ndivyo ilivyo kwa mtumiaji wa mfumo mpya. Makosa mengi huja siku ambayo foleni ni ndefu, mteja anapiga simu kila dakika, na mkono unafanya kazi kabla ya jicho kuangalia.

YASIYOBADILIKA

Dawa ya kwanza ni kutenganisha kazi na chombo. Sheria inayosimamia forodha katika nchi za Jumuiya ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Imefanyiwa marekebisho, lakini ndiyo iliyokuwapo Simba ilipoanza na ndiyo iliyokuwapo Simba ilipoondoka. Katika mfumo wowote, entri ya forodha hujibu maswali haya saba:

1. Nani ndiye mwenye mzigo, na namba yake ya PIN ni ipi?
2. Ni bidhaa gani, na msimbo wake wa HS ni upi?
3. Ni kiasi gani, kwa uzito au kwa idadi?
4. Thamani yake ni kiasi gani, pamoja na bima na nauli?
5. Imezalishwa wapi?
6. Inakwenda wapi?
7. Inaingia kwa utaratibu gani: kutumika nchini, kupita kwenda nchi nyingine, au kuuzwa nje?

Msimbo wa HS, kwa mfano, haukutokana na Simba wala iCMS. Tarakimu sita za kwanza hutolewa na Shirika la Forodha Duniani na hutumika karibu kila mahali. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili ili ziwe nane. Tangu tarehe 1 Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa zinazotoka nje una viwango vinne vikuu: asilimia 0, 10, 25 na 35. Msimbo ukikosewa, bidhaa inaweza kuangukia kiwango kisichofaa. Mwenye mzigo atalipa zaidi ya inavyostahili, au atalipa pungufu na kushikwa baadaye kwa kutoa taarifa isiyo sahihi.

Wakala anayeelewa maswali haya saba akikaa mbele ya mfumo mpya, huuliza, “Sehemu ya thamani iko wapi hapa?” Ataipata. Aliyejifunza kwa kukariri kwamba baada ya kubofya hapa unabofya pale hana swali la kuuliza. Skrini ikibadilika, ujuzi wake wote umeondoka nayo. Ndiyo sababu mafunzo yanayofundisha vitufe pekee hayatoshi. Kijana anayefundishwa kazi mpakani leo afundishwe kujaza entri nzima kwa kalamu kwenye karatasi tupu kwanza, kisha ndipo apelekwe kwenye kompyuta.

KUMBUKUMBU NI ZA NANI?

Dawa ya pili inahusu kumbukumbu, na hapa wafanyabiashara wadogo ndio wanaoumia zaidi. Chukua mfano wa mama anayeleta maharagwe kutoka upande wa Uganda kuuza katika soko la Busia. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupitishwa kwa cheti rahisi cha uasili, na hivyo zisitozwe ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea wala masharti mengine, lakini humsaidia sana mwenye mtaji mdogo.

Tuseme kwamba miaka mingi iliyopita mama huyo alifunguliwa akaunti ya PIN na kijana wa saiba. Kijana alitumia barua pepe yake mwenyewe kwa sababu mama hakuwa na barua pepe. Nenosiri liliandikwa kwenye daftari la saiba. Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka. Kisha mfumo ukabadilika na kila mtumiaji akatakiwa kuthibitisha akaunti kwa ujumbe unaotumwa kwenye barua pepe au simu iliyosajiliwa. Kijana amehamia Nairobi, na laini iliyoandikwa haitumiki tena. Mama ana kitambulisho, ana mzigo na ana haki, lakini hana mlango wa kuingilia.

Shida hapo si teknolojia. Funguo ziliwekwa kwa mtu mwingine. Mfumo wa zamani ulificha kasoro hiyo kwa sababu hakuna aliyeulizwa swali. Mfumo mpya uliifichua. Kwa hiyo wakati mzuri wa kurekebisha jambo hili ni kabla tangazo la mabadiliko halijatolewa. Kila mkazi ahakikishe kwamba barua pepe na namba ya simu zilizo katika akaunti zake za serikali ni zake mwenyewe, na kwamba laini hiyo imesajiliwa kwa jina lake.

Kumbukumbu za miaka iliyopita nazo zinahitaji ulinzi. Mfumo mpya hauji na kila kitu kilichokuwa katika ule wa zamani. Risiti, vyeti na entri zinapaswa kupakuliwa na kuhifadhiwa mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye karatasi ndani ya faili. Afisa wa ushuru anaweza kuuliza habari za miaka kadhaa nyuma, na jibu la “mfumo ule ulifungwa” halimsaidii mfanyabiashara.

SAIBA NA MASHINE ZA ZAMANI

Mfano wa tatu uko katika saiba za Busia, Malaba, Nambale, Funyula na Port Victoria. Kompyuta nyingi za biashara zilizonunuliwa miaka ya nyuma zinatumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa toleo hilo, ikiwemo masasisho ya usalama. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Inaendelea kuwaka na kuchapisha kama kawaida. Lakini udhaifu mpya unapogunduliwa, hauzibwi, na saiba ni mahali ambapo watu huingiza PIN, nenosiri na nakala za vitambulisho kutwa nzima.

Mwenye saiba ana njia tatu kuu. Anaweza kupandisha mashine hadi Windows 11 kama inakubali, kwa kuwa toleo hilo hudai prosesa mpya zaidi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Anaweza kununua mashine nyingine. Au anaweza kuhamia mfumo huria wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hautozwi pesa na unaweza kufanya kazi kwenye mashine za zamani.

Njia hiyo ya tatu huwatisha wengi, lakini inafaa ipimwe kwa kazi halisi. Huduma za eCitizen na KRA hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na vivinjari vya Firefox na Chrome vipo katika Linux pia. Barua za Word zinaweza kufunguliwa kwa LibreOffice, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo na unahitaji kukaguliwa kabla ya kuchapisha. Sehemu ya kuangalia kwa makini ni vifaa: printa, skana na mashine ya kutoa nakala. Vingine hutambuliwa mara moja, vingine hukataa. Jambo zuri ni kwamba Linux inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Mwenye saiba anaweza kufanya hivyo jioni baada ya kufunga, akachapisha ukurasa mmoja, akaskani kitambulisho kimoja, na akajua ukweli kabla hajaamua.

HATUA ZA KUHAMA BILA HASARA

Kutokana na mifano hii mitatu, hatua zifuatazo zinafaa kwa wakala, mwenye duka, karani wa shule, mhudumu wa zahanati na mkazi mwingine yeyote.

Kwanza, andika kazi zako na usiandike vitufe. Orodhesha mambo kumi unayoyafanya zaidi kwa wiki. Hayo ndiyo utakayoyatafuta kwanza katika mfumo mpya. Mengine yatakuja polepole.

Pili, miliki funguo zako. Hakikisha barua pepe, laini ya simu na nenosiri viko mikononi mwako.

Tatu, hifadhi kumbukumbu kabla ya siku ya mwisho. Siku za mwisho huwa na msongamano, na mtandao huelemewa.

Nne, jaribu kwa jambo dogo. Wakala aanze na entri nyepesi yenye bidhaa moja. Mwenye saiba aanze na mashine moja kati ya tano. Kosa katika jambo dogo hufundisha. Kosa lilo hilo katika lori la tani nyingi hugharimu siku nzima.

Tano, soma skrini kwa sauti kwa wiki mbili za kwanza. Jambo hili linaweza kuonekana la kitoto, lakini hulazimisha jicho kuutangulia mkono. Kabla ya kutuma, hakiki tena majibu ya maswali muhimu.

Sita, kaeni wawili wawili. Mzoefu anajua kazi. Kijana anaizoea skrini haraka. Wakikaa pamoja, kila mmoja humpa mwenzake alichokosa. Ofisi inayomwacha mzee wa kazi aaibike mbele ya vijana hupoteza ujuzi wa miaka ishirini kwa ajili ya ustadi wa wiki mbili.

Saba, usikimbilie kurudi ulikotoka. Mtu anayefanya nusu ya kazi katika mfumo wa zamani na nusu katika mpya hubaki mgeni katika yote mawili. Ukishajaribu na kuridhika, panga siku ya kuhama kisha hama.

GHARAMA AMBAYO MAFUNZO HAYAIONDOI

Ni haki kusema pia kwamba si kila hasara hutokana na mazoea. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza, sehemu kubwa ya kazi ya kuandaa entri za mizigo ya kwenda Uganda ilihamia Mombasa, ambako kodi sasa inalipwa. Wakala wa Malaba aliyeufahamu mfumo vizuri kabisa alipunguziwa kazi hata hivyo, na pamoja naye mwenye hoteli, mwenye gesti na muuza chai aliyekuwa akiwahudumia madereva waliosubiri kwa siku kadhaa. Muda wa lori kusimama ulikuwa hasara kwa mwenye mzigo, lakini ulikuwa riziki kwa mji.

Hapo ndipo swali la kujua kazi linaporudi kwa uzito zaidi. Aliyekuwa akijua kuandika entri ya tranziti pekee alibaki na mlango mmoja, nao ulikuwa unafungwa. Aliyeelewa forodha kwa jumla aliweza kuwageukia wafanyabiashara wa hapa hapa: wanaoleta mahindi, maharagwe, mayai na ndizi kutoka Uganda, na wanaopeleka bidhaa za viwandani upande wa pili. Hao nao wanahitaji mtu wa kuwaeleza cheti cha uasili, thamani na ukaguzi. Mifumo itabadilika tena, na hata iCMS itapisha mwingine siku moja. Mkazi anayejiandaa kwa kuielewa kazi yake, kushika funguo zake na kutunza kumbukumbu zake hatalazimika kuanza upya kila mara.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, akaunti zako za serikali zina barua pepe na namba ya simu inayotumika, iliyo yako mwenyewe?
2. Je, unaweza kueleza kazi yako yote kwa mtu mwingine bila kutaja kitufe hata kimoja?
3. Je, kumbukumbu zako za miaka iliyopita ziko mahali pawili tofauti?
4. Kama wewe ni mfanyabiashara wa mpakani, je, unaweza kuyajibu maswali saba ya forodha kuhusu mzigo wako wa mwisho?
5. Katika ofisi au duka lako, nani atakaa na nani mfumo utakapobadilika?

Atakayejibu “hapana” kwa swali la kwanza aanze na hilo leo, kwa kuwa ndilo linalochukua muda mfupi zaidi kurekebisha na ndilo linalowakwamisha watu wengi. Kwa masuala ya cheti rahisi cha uasili, mfanyabiashara anaweza kuwauliza maafisa wa forodha katika vituo vya pamoja vya Busia na Malaba kabla ya kununua mzigo.